Seli Tano za Volti 18

Drili ya chaji niliyoitumia kwanza ilikuwa ya mjomba, katika karakana yetu ya Keko, Dar es Salaam, mwaka 2006. Ulikuwa mwaka wa mgawo wa umeme. Drili za waya zikilala mezani, mjomba alifungua sanduku lake akatoa ile ya volti 12, akaendelea kufunga bawaba za makabati huku majirani wamekaa barazani.

Betri yake ilikuwa ya nikeli na kadmiamu: seli kumi, kila moja volti 1.2, zimeunganishwa mfululizo. Iliyavumilia maisha ya karakana, vumbi la mninga na kuanguka kutoka juu ya ngazi. Udhaifu wake ni kwamba ukiiweka wiki kadhaa bila kazi, chaji inapungua yenyewe.

Mjomba aliamini betri hiyo ina kumbukumbu, kwamba ukiichaji kabla haijaisha itazoea kuishia hapo. Basi kila jioni alifunga swichi ya drili kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ikazunguka peke yake mpaka ikasimama kabisa. Mimi ndiye niliyekaa kuilinda. “Mjomba,” aliniambia, maana nasi tunaitana hivyo hivyo pande zote mbili, “usiifungue mpaka inyamaze.”

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba tulikuwa tunaiua. Seli kumi hazilingani nguvu. Iliyo dhaifu huisha kwanza, kisha zile tisa huendelea kuusukuma umeme ndani yake, chanya ikageuka hasi. Tulipaswa kuizima drili mara tu inapoanza kulegea. Betri zake mbili zilikufa kwa kutunzwa sana, na hadi leo nikikumbuka ule mlio unaofifia jioni, roho inaniuma.

Makita na Milwaukee walikwisha kuingiza lithiamu kwenye drili zao mwaka 2005, ila mimi niliziona baadaye sana, mikononi mwa mafundi wa aluminiamu. Volti 18 kwa seli tano tu za volti 3.6! Kwa kadmiamu zingehitajika kumi na tano. Betri ya mjomba ilikuwa ya ampea-saa 1.3, zidisha kwa volti 12, unapata wati-saa 15.6. Ninayotumia sasa ni ya volti 18 na ampea-saa 5, yaani wati-saa 90.

Hesabu hiyo nilijifunza baada ya kupoteza fedha. Nilinunua drili iliyoandikwa volti 88, nikidhani namba kubwa ndiyo nguvu. Ilipochoka nikaifungua: seli tano. Tano zilizojaa chaji hutoa volti 21, na ile 88 ilikuwa rangi tu juu ya plastiki. Tangu hapo anayeniuliza ninamwambia asome ampea-saa, na aipime betri mkononi, kwa sababu seli zina uzito na maandishi hayana.

Kubwa nayo si ya kila kazi. Nikifunga dari, mikono juu kutwa nzima, nataka ya ampea-saa 2, nyepesi. Kwenye msumeno wa duara au grainda hiyo ndogo inapata moto na kukata katikati ya ubao, kwa kuwa safu moja ya seli tano inabeba mzigo wote. Ile ya 5 kwa kawaida ina safu mbili, mzigo unagawanyika. Ndiyo maana nimenunua vifaa vyote vya mdomo mmoja wa betri, niweze kuzihamisha.

Mwezi uliopita mjomba alikuja kunitembelea, akachukua drili yangu kufunga skrubu za kitanda. Ilizunguka kwa nguvu ileile, kisha ikasimama ghafla, bila kulegea wala kufifia. Akaisogeza sikioni.

“Imekufa?”

“Hapana, mjomba. Imejizima kabla seli hazijaisha.”

Akaitoa betri, akaigeuzageuza, akaniomba chaja.