Nusura nimuuze mzee wangu kwa laki tano!

Mpenzi msomaji, kama una mzee wako aliyestaafu na kiinua mgongo chake bado kiko benki, hebu weka kikombe cha chai pembeni usome ukurasa huu hadi mwisho. Wiki hii sizungumzii mambo ya kuachana na kurudiana. Nazungumzia gari. Tena gari la mtumba, la kupandia milima, na jinsi lilivyotaka kunivua utu wangu mchana kweupe.

Kwetu asili ni Mtae, kule mwisho wa milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto. Kwa asiyepajua, ukitoka Dar unapita Chalinze na Segera hadi Mombo, pale unakata kulia unaanza kupanda kona kwa kona hadi Soni, kisha Lushoto mjini. Hadi hapo hata teksi inafika. Shughuli inaanza pale lami inapokuaga. Udongo mwekundu, mteremko, korongo upande wa pili, na mvua ikinyesha barabara inakuwa kama imepakwa sabuni.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto, babu alifariki. Tukakodi kigari kidogo cha mjini, tukajaa humo kama dagaa. Tulipokuwa tumebakiza safari fupi tu, kigari kikakaa kwenye tope kwa tumbo. Tulisukuma, tukaweka mawe, tukaweka matawi, wapi! Tulikesha porini, watoto wa dada wakitetemeka. Tulipofika kesho yake jioni, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na maua yameanza kunyauka.

Mzee alisimama pale kimya. Hakulia. Mtoto wa kwanza wa kiume, hakumtupia baba yake hata konzi moja ya udongo. Wakati wa kuondoka alisema neno moja tu, "Nikistaafu nanunua gari linalofika."

Basi bwana, mwaka jana akastaafu. Mzee alikuwa dereva wa idara moja ya serikali zaidi ya miaka thelathini, na kiinua mgongo kilipotoka akatenga sh. milioni 18 za gari. Bibi bado yuko Mtae peke yake, na mzee akasema kila likizo tutakwenda wote, wajukuu na masufuria yao. Kazi ya kutafuta gari akanipa mimi. Sababu? Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yaligoma kunipeleka mbele, nikashinda mwaka mzima gereji Gerezani nikiwa spana boi kabla sijaanza kuuza makala. Mzee anaamini mtu aliyewahi kunuka grisi hawezi kuingizwa mjini.

Tukakaa kikao cha familia. Mama akasema anataka RAV4, kazuri, hakali mafuta. Dada akasema shangingi. Sote tukacheka, maana kwa milioni zetu 18 shangingi lenye afya tungelipata tairi na kioo! Mzee alikohoa, akatangaza, "Mimi nataka Land Rover One-Ten. Nimeiendesha ujana wangu wote, haijawahi kunilaza njiani."

Hapo ndipo shule ilipoanza, na wewe msomaji nikugawie bure. Si kila gari lenye maandishi ya 4WD mgongoni ni la mlimani. RAV4 ilianza kuuzwa mwaka 1994, na imejengwa kama gari dogo, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, haina chasisi ya peke yake wala gia ndogo. Kwa vumbi na tope la kuchovya ni sawa, lakini kwa milima ya kwetu na mzigo wa viazi, utailaumu bure. Suzuki Escudo, iliyotoka mwaka 1988, ni kadogo lakini zile za zamani zina chasisi na gia ndogo. Usikadharau. Tatizo kanabeba watu watano, na sisi ni saba bila kuhesabu kuku wa kurudi naye.

Gia ndogo ndiyo roho ya safari ya mlimani. Inafanya gari litembee polepole kwa nguvu nyingi, na ukiteremka, injini ndiyo inalishika gari badala ya kuchoma breki. Ukiuliza gari ukaambiwa "hii ni fowili", uliza tena, "Gia ndogo ipo? Inaingia?" Wengi hapo huanza kutazama pembeni.

Land Cruiser mkonga, ile ya mwaka 1984 kuja juu, ndiyo mfalme. Ukipata yenye injini ya 1HZ, dizeli ya cc 4,164, silinda sita, isiyo na turbo, umepata punda asiyechoka. Lakini kila mtu anajua hivyo, na bei inajua pia. Yenye bei yetu ilikuwa imeshachoka hadi usukani.

Nikarudi kwa ndoto ya mzee. Nikazunguka yadi wiki mbili, hadi dalali mmoja akanipigia, "Dogo, njoo uone One-Ten, utalia!"

Kweli, nusura nilie. Ilikuwa rangi ya krimu, inang'aa kama kitumbua kilichotoka kwenye mafuta. Ndani safi, mabenchi mapya nyuma. Bei milioni 17 na nusu. Mzee angeiona siku hiyo angelipa na nauli yangu.

Lakini mwaka wa gereji haukupotea bure. Bodi ya Land Rover hizi sehemu kubwa ni aluminiamu, haili kutu kama bati. Chasisi ni chuma. Kwa hiyo gari linaweza kuwa bibi harusi juu, huku chini limeoza, hasa likiwa limeishi karibu na bahari. Nikavua shati nikaingia uvunguni. Chasisi yote imepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi. Nikaomba spana, nikagonga. Chuma kizima hulia "ngaa!" Hii ililia "pwa", kama mtu anagonga boga. Kwenye ile boriti ya mwisho kabisa nyuma nikasukuma bisibisi. Ikazama!

Nikatoka uvunguni nikamtazama dalali. Naye akanitazama. Akanishika bega kwa upole, tukasogea kwenye kivuli cha mwembe.

"Mdogo wangu, wewe ni mtu mzima. Mzee anaitaka, si ndiyo? Mwache aipate. Chako wewe laki tano, taslimu, siku hiyohiyo. Chasisi nani anaitazama?"

Sasa hapa, mpenzi msomaji, ningeweza kujipamba. Ningeweza kuandika kwamba nilimjibu palepale, "Shika adabu yako!" Wengi wangeandika hivyo. Mimi nilimwambia, "Nitakupigia."

Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Makala zangu tatu zilikuwa zimechapwa na sijalipwa hata senti. Laki tano ilikuwa kodi, deni la dukani, na viatu. Nikakaa siku mbili nikipiga hesabu kitandani. Nikajiambia, chasisi inachomelewa. Nikajiambia, mzee mwenyewe ndiye anayeitaka, mimi nani nimkatalie? Nikajiambia, cha juu kila mtu anakula. Ukitaka kujua mtu anaibiwa, msikilize anavyojipa sababu nyingi kwa jambo moja. Mwizi nilikuwa mimi, na ninayemwibia ndiye aliyenilipia ada.

Usiku wa pili nikawaza yale mabenchi ya nyuma. Yamekaa ubavuni, hayana mikanda. Nikawaona watoto wa dada wamekaa pale, kona za Soni, na chini yao chuma kinachozamisha bisibisi. Asubuhi nikampigia dalali nikamwambia hapana. Kisha nikaenda kwa mzee nikamwambia, "Baba, ile gari chasisi imeoza. Siipitishi."

Sikumwambia habari ya laki tano. Wala zile siku mbili.

Mzee alikasirika weee! Akasema vijana wa siku hizi hatujui gari, tunajua rangi tu. Kwa wiki nzima akanijibu kwa "mm" na "ehe". Nikadhani ni hasira za Land Rover.

Nikaendelea kusaka, na mwisho nikaiona Prado ya zamani, namba B, toleo lile lililoanza mwaka 1996, milango mitano, viti mistari mitatu vyenye mikanda. Ina chasisi, ina gia ndogo, na fowili yake iko kazini muda wote, hata kwenye lami. Hilo si dogo. Magari ambayo fowili unaiingiza kwa mkono hayataki uitumie kwenye lami kavu, maana ukikata kona tairi za mbele zinakwenda mwendo tofauti na za nyuma, na usipotoa mapema kitavunjika kitu cha bei. Zipo Prado za umri huo zenye injini ya dizeli ya 1KZ, zina nguvu tamu, lakini zikichemka mara moja tu silinda hedi hupasuka. Tuliyoiona sisi ilikuwa ya petroli, 3RZ. Inakunywa, sikatai, lakini haina makuu.

Safari hii nilimchukua mzee mwenyewe na fundi wangu wa zamani, ambaye tulimlipa sisi, si muuzaji. Tulikwenda asubuhi bila taarifa, tukakuta injini ya baridi, maana gari likishapashwa moto ugonjwa hujificha. Ukiliwasha likitoa moshi wa bluu linakula oili, mweusi mafuta yanazidi, mweupe usiokwisha shuku maji yameingia kwenye injini. Tukafungua kifuniko cha oili, tungekuta utando kama maziwa tungeondoka. Tukasoma tairi, zile tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2318 ujue ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, hata kama kashata zote bado zipo, mpira umeshazeeka. Tukalinganisha namba ya chasisi na kadi. Tukaingiza gia ndogo kwenye kilima cha kokoto. Mwisho nikampa mzee spana.

"Gonga mwenyewe, Baba."

Aliinama na miaka yake sitini, akagonga. Ngaa! Akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Tulilipa milioni 16, mbili zikabaki za tairi, springi na shokapu.

Mwezi Novemba, vuli imeanza, tukapanda wote saba. Pale lami ilipoisha mzee akashuka, akatazama tope, akarudi, akaingiza gia ndogo na kuifunga difu ya katikati. Hakuna aliyesema neno. Tulipita mahali tulipokesha mwaka ule, kwa mwendo wa bi kizee anayekwenda kanisani, na hatukusimama. Mama alianza kuimba. Mzee macho mbele.

Bibi alitusikia kabla hajatuona. Jioni mzee alikwenda kaburini, akaniita nimfuate. Akachota udongo, konzi moja, akaumwaga polepole juu ya kaburi la baba yake. Tukakaa pale, tambarare ya Mkomazi chini kabisa kama mkeka.

Kisha bila kunitazama akasema, "Yule dalali alinipigia. Alisema mwanangu alimwomba milioni ndiyo anipitishie lile gari, na alipokataa ndiyo nikaambiwa limeoza."

Moyo ulinipasuka. "Baba, ni uongo! Yeye ndiye aliyetaka kunipa laki tano."

"Nikajua ni uongo. Nilikwenda mwenyewe na tochi, nikatazama chini. Lakini laki tano ukaikataa siku gani?"

Msomaji, ningeweza kumdanganya. Nani angejua?

"Siku ya tatu," nikasema.

Mzee alinyamaza muda mrefu, hadi nikasikia mbuzi wa jirani wakirudishwa bandani. Halafu akasema, "Hizo wiki tatu sikununia gari. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe." Akasimama, akafuta suruali, akanitupia funguo. "Kesho kushuka unaendesha wewe. Usikanyage breki, acha gia ifanye kazi."

Basi ndugu zangu, mkinunua gari la mtumba la kwendea kwenu, piganeni na kutu, piganeni na moshi, ulizeni gia ndogo. Lakini mtazameni pia yule mnayemtuma, hata kama ni damu yenu. Na wewe unayetumwa, wazee hawakukosea waliposema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu nilikuwa nimeshaianza, bahati nzuri nilirudi kabla haijaisha.

Kodi nimeshalipa. Viatu bado. Tukutane wiki ijayo!