Kitanda cha Juu

Nilishuka Lodwar kutoka Eldoret na begi moja, godoro, na barua ya uhamisho. Kwenye fomu, mahali pa sababu, nilikuwa nimeandika "ya kifamilia". Maana yake ni kwamba baba alikuwa ameacha kufanya kazi, na mama alikuwa anatulisha sote kwa mandazi anayouza sokoni Kakuma. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Eldoret ilikuwa mbali sana na shida zetu.

Mwanafunzi wa uhamisho hana kundi. Wa mwaka wa kwanza hupokelewa, na wa mwaka wa pili wameshachaguana. Hosteli ilikuwa imebaki na kitanda kimoja, cha juu, kwenye chumba cha watu wanne. Unalipa mara moja kwa muhula, tangi la maji liko hapo nje, na darasani unaenda kwa miguu. Sheria ilikuwa moja nzito: mgeni halali ndani.

Jioni hiyo boda ilinipeleka Nawoitorong kuona chumba. Paa la bati, sakafu ya simiti, choo cha pamoja, maji ya kununua kwa mtungi. Mwenye nyumba, mama mmoja mzee, alinisalimia, "Ejoka?" kisha akataja bei: elfu tatu kwa mwezi, na mwezi mmoja wa ziada kama amana.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya matatu. Kodi, boda, maji, makaa. Hosteli ilishinda, tena kwa mbali. Nikampigia mama kumwambia.

Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Hicho chumba cha Nawoitorong kinalala watu wangapi?"

Hapo nikaelewa. Mdogo wangu alikuwa amemaliza shule ya msingi na anangoja sekondari. Pesa za bweni hazikuwepo. Shule ya kutwa Lodwar ingewezekana, akipata pa kulala.

Ningependa kusema nilikubali kwa moyo mweupe. Wapi! Nilikasirika. Nilitaka miaka mitatu tu ya kuwa mwanafunzi, mtu ambaye shida yake kubwa ni mtihani. Kitanda cha juu kingenipa hiyo. Kesho yake nililipa kodi ya chumba.

Muhula huo nilifeli somo moja. Sitasingizia joto, ingawa bati la Lodwar hulijui mpaka ulale chini yake. Tulikuwa tunatoa godoro nje usiku, mdogo wangu akisoma kwa tochi ya simu yangu, nami nikingoja amalize ndipo nisome. Mara nyingi nilisinzia kabla ya zamu yangu. Lile somo nililirudia, nikapita. Yeye sasa yuko sekondari.

Wanaohamia hapa huniuliza wakae wapi. Huwa siwaambii bei kwanza. Nawauliza nani atalala nyuma ya huo mlango. Kama ni wewe peke yako, chukua hosteli, usome, na usione haya hata kidogo.

Kile kitanda kilichukuliwa siku ileile, na sijui na nani. Namtakia usingizi mwema.