Pilipili kichaa, mlinzi wa ghala Ukambani

Pilipili usizozila zakuwashiani? Ndivyo wasemavyo Waswahili. Huko Matinyani, Kitui Magharibi, msemo huo hauna nguvu sana, kwa kuwa pilipili humfaa hata asiyeila.

Hatusemi hoho ya kachumbari. Hii ni pilipili kichaa, kitunda chekundu kisichozidi kidole cha mwisho. Katika kipimo cha ukali alichobuni Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, hufikia alama 50,000 hadi 100,000 na zaidi. Hoho hupata sufuri.

Asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio walioieneza Afrika katika karne ya 16. Kisha ndege wakaipokea. Wao hawasikii ukali wake, na mbegu huwatoka tumboni zikiwa nzima. Ndiyo maana utakuta kichaka kimejiotea uani au chini ya mti.

Jikoni, mpenda pilipili huitumbukiza nzima ndani ya chungu cha muthokoi, ladha ienee bila kuwasha mno. Ikikupasukia mdomoni, usikimbilie maji, kunywa maziwa.

Lakini kazi yake kubwa iko ghalani. Katika nchi hii kavu, tegemeo ni mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ikikosekana, familia huishi kwa akiba. Kunde na pojo zikiliwa na fukusi, njaa imebisha hodi. Kwa hiyo tangu zamani wakulima wa Ukambani huchanganya akiba yao na majivu pamoja na pilipili kavu iliyosagwa. Dawa hiyo hutoka shambani na jikoni, haihitaji pesa.

Hata hivyo, pilipili haitibu unyevu. Mahindi yasiyokauka huota kuvu, nayo huleta sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Nafaka ianikwe kwanza juu ya turubai mpaka ikauke kabisa, ndipo pilipili ifuate.

Nawe msomaji wa mjini, ukipewa fungu la pilipili hizo uende nazo nyumbani, zianike, uzitie kwenye mkebe wa maharagwe. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho, la sivyo utalia bila msiba.