Pasi Ambazo Hazikutupwa

Quinyon Mitchell alimaliza msimu wa kawaida wa 2024 bila kunasa pasi hata moja ya wapinzani. Mwenzake Cooper DeJean, kuruta kama yeye katika timu ileile ya Philadelphia Eagles, naye alimaliza na sifuri. Mtu anayefuata futboli ya Kimarekani kwa kusoma majedwali atasema klabu ilipoteza nafasi zake mbili za kwanza kwa vijana ambao hawakuleta kitu. Mimi nasema walikuwa miongoni mwa makuruta bora wa mwaka ule. Nimelazimika kulitetea jambo hili mbele ya mtu ambaye neno lake lina uzito nyumbani kwetu, yaani yaya yangu.

Yaya anaishi Iowa City, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Iowa, ambako Wakongo wengi wamehamia. Mtoto wake wa kwanza, ambaye kwa desturi yetu ni mtoto wangu pia, alianza kucheza futboli ya shule mwaka huohuo wa 2024, akiwa na miaka 15. Walimpanga konabeki. Mwezi wa Novemba, msimu wao ulipoisha, yaya alinitumia ujumbe wa sauti hapa Lubumbashi: «Mutoto anakimbiaka tu nyuma ya batoto bengine. Mupira hajashika hata moya.» Alikuwa ameamua mtoto aache mchezo, na alitaka mimi, baba mdogo, nimwambie, kwa kuwa mimi ndiye anayenisikiliza. Nilimjibu kwamba siwezi kumpelekea mtoto hukumu ambayo sijaisoma faili lake. Yaya alicheka, akanipa muda.

Kwanza tuiangalie kazi yenyewe, maana wasomaji wengi wa jarida hili wamelelewa na Mazembe na Lupopo, na neno «beki» linawapeleka kwingine.

Uwanja una upana wa yadi 53 na kidogo. Kwotabeki anasimama katikati na mpira, na wapokeaji wanatimka kwenda mahali walipokubaliana. Konabeki anasimama pembeni, mara nyingi peke yake, mbele ya mpokeaji mmoja. Mpokeaji anajua aendako, yeye hajui. Anaanza kinyumenyume, macho yake kwenye kiuno cha mwenzake, kwa sababu kichwa na mabega hudanganya lakini kiuno hakiwezi kwenda upande mmoja na miguu upande mwingine. Kisha lazima ageuke na kukimbia bila kupoteza hatua. Wakishavuka yadi 5, kanuni za ligi hazimruhusu tena kumsukuma wala kumshika. Akimgonga kabla mpira haujafika, mpira unawekwa palepale kosa lilipotokea, hata kama ni yadi 40 mbele. Akiteleza, nchi nzima inamwona akimfukuza mtu aliyekwisha kumpita.

Na akifanya kazi yake vizuri? Kwotabeki anatupa jicho upande ule, anaona hakuna mlango, anatazama kwingine. Kamera ya televisheni inafuata mpira, hivyo konabeki hayumo hata kwenye picha. Jedwali nalo linaandika unasaji, pasi zilizoguswa, watu walioangushwa. Pasi ambayo kwotabeki aliifikiria kisha akaiacha haina safu. Wanafunzi wanaosahihisha makala za jarida hili wanaielewa hali hiyo kuliko mtu yeyote: hakuna aliyewahi kuja ofisini kuwashukuru kwa kosa ambalo hakulikuta.

Sasa Eagles wenyewe. Mwaka 2023 walianza kwa kushinda michezo 10 kati ya 11, kisha wakaanguka vibaya: walishinda 1 tu kati ya 6 iliyobaki, wakatolewa na Tampa Bay kwa 32–9. Makonabeki wao wakuu, Darius Slay na James Bradberry, walikuwa wamefika au kupita miaka 30, na miguu ilikuwa inasema. Aprili 2024, katika uchaguzi wa wachezaji wapya uliofanyika Detroit, klabu ilimchukua Mitchell akiwa wa 22, kisha DeJean akiwa wa 40. Tangu Lito Sheppard mwaka 2002, Eagles hawakuwa wamechagua konabeki katika raundi ya kwanza. Kila mmoja alikuja na swali lake. Mitchell alitoka chuo kikuu cha Toledo, ambacho hakikutani mara nyingi na timu kubwa. DeJean alitoka Iowa, mji uleule wa yaya, lakini Novemba iliyotangulia alikuwa amevunjika mguu, na kambi ya mazoezi ilipoanza msuli wa paja ukamsumbua.

Makwotabeki wa ligi hii wana desturi ambayo bleu yeyote wa kampasi yetu angeitambua: mgeni hujaribiwa. Watamtupia yeye kwanza, siyo Slay mwenye miaka kumi na zaidi ya kazi. Kwa hiyo swali langu la kwanza juu ya kuruta ni kama waliomjaribu walirudi tena mlango uleule. Kwa Mitchell, kipimo kizuri ni Washington, kwa sababu alikutana nao mara tatu. Tarehe 14 Novemba Eagles walishinda 26–18, na Terry McLaurin, mpokeaji mkuu wa Washington, ambaye Mitchell alikuwa mbele yake mara nyingi, alipata pasi 1 tu ya yadi 10. Mchezo mzima, yadi 10! Tarehe 22 Desemba mambo yaligeuka: Jayden Daniels alitupa pasi 5 za tachidauni na Washington wakashinda 36–33, na siku ile safu nzima ya nyuma ya Eagles haikuwa na cha kujivunia. Mara ya tatu ilikuwa fainali ya upande wao wa ligi, tarehe 26 Januari 2025. Eagles walishinda 55–23, na Mitchell akanasa pasi ya Daniels.

Mtathmini mvivu ataichukua ile ya tatu na kuiweka kwenye fremu. Mimi naanza na ile ya Novemba, halafu naitazama ile ya Desemba kwa makini, kwa sababu mwezi mmoja baada ya aibu ile kijana alisimama palepale, hakurudi nyuma yadi 3 zaidi ili awe salama. Konabeki aliyepitwa mara moja hujitafutia nafasi: anasimama mbali, anaruhusu pasi fupi, anasema moyoni angalau sitapitwa tena. Woga wa namna hiyo haumo kwenye jedwali lolote, na msimu wa kuruta mara nyingi hufia hapo.

DeJean ni kesi nyingine, na kusema kweli ndiyo inayonipendeza zaidi. Katika michezo 4 ya kwanza alikaa nje karibu muda wote. Timu ilikuwa imeshinda 2 na kupoteza 2, na Tampa Bay walikuwa wamewafunga tena, 33–16. Baada ya wiki ya mapumziko, tarehe 13 Oktoba dhidi ya Cleveland, kocha wa ulinzi Vic Fangio alimweka nafasi ya ndani, kati ya konabeki wa pembeni na wale wanene wa mbele. Katika msimu wa kawaida timu haikupoteza tena isipokuwa ule mchezo wa Desemba, ikamaliza na ushindi 14, na ulinzi wake ukawa wa kwanza katika ligi kwa kuruhusu yadi chache. Sisemi ni kwa sababu ya kijana mmoja. Fangio mwenyewe alikuwa mgeni klabuni mwaka ule, na wale wanene wa mbele walikuwa wakiwakimbiza makwotabeki kabla hawajapata muda wa kufikiri. Hiyo nayo ni shida ya kutathmini: sifa ya konabeki nusu yake inaweza kuwa ya mtu aliye mita 15 mbele yake.

Lakini kuna jambo moja alilolifanya peke yake. Tarehe 1 Desemba huko Baltimore, Derrick Henry alipata mpira na nafasi. Henry ana kilo 110 hivi, na walinzi wengi wakimwona anakuja hugundua ghafla kwamba wana kazi upande mwingine. DeJean, mwenye kilo 90 na kidogo, alimwendea, akamnyanyua, akamlaza chini. Katika jedwali hilo ni angusho 1, sawa kabisa na la mtu aliyemwangukia mpinzani aliyekwisha kuteleza.

Anayefikiri natetea hawa wawili kwa mapenzi aangalie mwaka 2022. Tariq Woolen wa Seattle, aliyechaguliwa wa 153, alinasa pasi 6 katika msimu wake wa kwanza, na hakuna aliyempita katika ligi nzima. Sauce Gardner wa New York Jets, aliyechaguliwa wa 4, alinasa 2 tu. Tuzo ya kuruta bora wa ulinzi ilikwenda kwa Gardner, tena akaingia kikosi bora cha kwanza cha ligi, jambo ambalo konabeki kuruta hakuwa amelifanya tangu Ronnie Lott mwaka 1981. Woolen alikuwa mzuri kweli, sitaki kumpunguzia. Ila 6 na 2 hazikuwa zikipima kitu kimoja. Gardner aligusa na kuharibu pasi 20, na waliokuwa wakipiga kura walijua kutofautisha mikono inayodaka na miguu inayofunga njia.

Tarehe 9 Februari 2025, saa za huku usiku wa manane ulikuwa umepita, Eagles walikutana na Kansas City kwenye Super Bowl huko New Orleans. DeJean alikuwa anatimiza miaka 22 siku hiyohiyo. Alinasa pasi ya Patrick Mahomes, akakimbia yadi 38 mpaka tachidauni, na timu ikashinda 40–22. Asubuhi yaya alinipigia kunipongeza kana kwamba nimeshinda kesi. Nilikataa pongezi. Pasi ile ingetupwa mita moja juu zaidi, DeJean angekuwa konabeki yuleyule, na msimu wake ungekuwa uleule. Kama nimelazimika kungoja Februari ili nijue kijana anaweza, basi tangu Oktoba sikuwa nikitazama.

Na mtoto wetu? Hapa aliyenisaidia ni shemeji. Yeye hajui kanuni za mchezo wala hataki kuzijua. Hofu yake ni kichwa cha mtoto, na hofu hiyo ni nzito kuliko hoja zangu zote. Siijibu hapa. Lakini alikuwa amekwenda kwenye michezo 6 na simu yake, na kwa kuwa ni mama, hakufuata mpira. Alimfuata mwanawe tu, kuanzia anapoinama mpaka anaponyanyuka. Hata televisheni za Marekani hazikuwahi kunipa picha kama hizo.

Nilizitazama wiki mbili, jioni ambazo umeme uliturudia. Nilihesabu pasi 17 zilizotupwa upande wake, na 8 zilikamilika. Mara 2 alipitwa kabisa, na zote zikawa tachidauni. Katika michezo 2 ya mwisho alitupiwa mara 3 tu, ingawa timu zile zilitupa mpira sana: upande wa pili wa uwanja mlinzi mwenzake hakupumua. Baada ya kila tachidauni nilirudisha video nyuma kuangalia alisimama wapi mchezo ulipoendelea. Alisimama palepale. Vilevile niliona kwamba anageuka vizuri kushoto na polepole kulia, na kwamba akichelewa mkono wake unakwenda kwenye jezi ya mwenzake. Refa wa shule alimsamehe. Mkubwa hatamsamehe.

Nilimtumia yaya yote hayo, mazuri na mabaya, kwa sauti ya dakika kumi na moja. Alinyamaza siku mbili. Kabla hajaondoka Kongo, yaya alifanya kazi ya sentinele miaka minne, usiku, kwenye geti la nyumba ya mtu. Alipojibu alisema: «Kumbe ni kazi ya sentinele.» Nikasema ndiyo, yaya. Akasema: «Lakini sentinele, mwizi akipita mara moja, anafukuzwa.» Sikuwa na jibu. Nilimkumbusha tu kwamba mtoto ana miaka 15 na kwamba geti lake lina upana wa nusu ya uwanja.

Alimwongezea msimu mmoja, kwa masharti ya alama za hesabu na Kiingereza, na shemeji akaongeza la kwake: kizunguzungu kimoja tu, na yote yanaisha. Msimu mpya ulianza Agosti. Sasa yaya huenda mwenyewe uwanjani akitoka kazini, na karatasi mfukoni. Ujumbe wake wa karibuni hauna salamu: «Leo bametupa mara mbili. Moja kapitwa. Uliza mutoto sababu gani anageukaka kulia polepole vile.»