Mwaminifu Kazini, Nyumbani Je?

Sinema za polisi mwaminifu zina kasoro moja ambayo wanaume wengi hawaioni: mke. Yupo, lakini kwa dakika chache tu. Anapika, anaaga mlangoni, analia, basi. Mimi si mpenzi wa bunduki, ila niliolewa na mwanaume anayeziabudu sinema za zamani, mpaka zile zisizo na rangi, kwa hiyo nimeziangalia nyingi kuliko nilivyopanga. Na tukikaa kwenye kochi, yeye macho yako kituoni kwa polisi, yangu yako jikoni kwa mkewe.

Chukua The Untouchables ya mwaka 1987. Kevin Costner anacheza kama Eliot Ness, afisa wa serikali anayepambana na Al Capone wa Chicago wakati pombe imepigwa marufuku Marekani. Askari wamenunuliwa, viongozi wamenunuliwa. Sean Connery, aliyepata Oscar kwa sinema hii, ni askari mtu mzima wa doria anayemfundisha Ness mji unavyokwenda. Na mke wa Ness? Anamwekea kikaratasi kwenye mfuko wa chakula cha mchana, kumwambia kuwa anajivunia yeye. Jamani, tamu! Lakini Ness wa kweli alioa mara tatu, ndoa mbili za mwanzo zikavunjika, na mwaka 1957 alifariki akiwa na miaka 54 na madeni. Vikaratasi hivyo naviwekea alama ya kuuliza. (Capone naye hakuangushwa na risasi. Mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi. Wahasibu mnaosoma hapa, mjipongeze.)

Ninayoipenda zaidi ni The Big Heat ya Fritz Lang, ya mwaka 1953, maana pale angalau nyumba zinaonekana. Sajenti Dave Bannion, yaani Glenn Ford, na mkewe Katie wana mapenzi unayoweza kuyaamini. Mke anaonja kinywaji cha mume, anavuta sigara yake, wanakula nyama huku wakitaniana. Hawana hela, wana mtoto mmoja. Bannion anachunguza kifo cha polisi mwenzake, Duncan, aliyejiua na kuacha barua inayoeleza alivyokuwa akilipwa na Lagana, tajiri mhalifu aliyeuweka mji mzima mfukoni. Mjane wa Duncan, Bertha, anaisoma ile barua maiti ya mumewe ikiwa palepale, kisha simu yake ya kwanza anampigia nani? Lagana. Barua inageuka mradi, na huyo mama anaanza kulipwa ili asiitoe.

Kwa hiyo tuna wanawake wawili. Bertha amekula rushwa ya mumewe akiwa hai na anaendelea kuila akiwa kaburini. Katie amekula uaminifu wa mumewe, na malipo yake ni bomu lililotegwa kwenye gari kwa ajili ya Bannion. Anatoka kwenda kumfuata msichana wa kukaa na mtoto, anawasha gari, kwisha habari. Kila nikifika hapo nakasirika. Uamuzi ulikuwa wa mume, na aliyekufa ni yule ambaye hakuulizwa.

Mume wangu anasema mimi natafuta ugomvi na sinema ya mwaka 1953. Sawa. Twende kwenye Serpico basi, ya Sidney Lumet, 1973, ambayo ni kisa cha kweli. Frank Serpico alikuwa askari wa New York aliyekataa mgao wa fedha za wacheza kamari, akawaripoti wenzake kwa wakubwa, wakubwa wakapiga danadana. Tarehe 3 Februari 1971 alipigwa risasi usoni kwenye msako wa dawa za kulevya Brooklyn, na wenzake aliokuwa nao hawakumsaidia. Aliyeita msaada ni mzee mmoja mkazi wa jengo lile. Desemba mwaka huohuo akatoa ushahidi hadharani mbele ya Tume ya Knapp, mwaka uliofuata akaacha kazi na kuhamia Ulaya. Medali yake alipewa juujuu tu, na cheti rasmi kikamfikia mwaka 2022, nusu karne baadaye.

Al Pacino anamcheza vizuri kiasi kwamba unasahau kumhurumia Laurie, jirani aliyekuwa mpenzi wake. Siku moja Laurie anamsimulia hadithi ya kisima kilichotiwa dawa ya wazimu. Watu wote wanakunywa isipokuwa mfalme, na mji mzima unaanza kunong'ona kwamba mfalme amerukwa na akili. Usiku mfalme naye anakunywa. Kesho yake watu wanashangilia, mfalme wetu amepona! Serpico hakunywa. Lakini hasira za kazini alizileta nyumbani, akawa anafoka kila siku, na Laurie akaondoka. Watu humwona msaliti. Mimi simlaumu hata chembe.

Nasema hivyo kwa sababu kisima hicho kipo na kwetu. Mwaka jana mume wangu, ambaye ni mtu wa manunuzi, aliletewa karatasi asaini kuwa mzigo umepokelewa wote. Nusu ulikuwa haujafika. Kukawa na bahasha, si unajua. Hakusaini, na baada ya wiki chache akahamishiwa mkoani, kwenye ofisi yenye meza moja na feni mbovu. Sasa tuna kodi mbili za nyumba na ada za watoto wawili. Shemeji zangu wanasema amejifanya mjuaji. Mama yangu hasemi kitu, ananitumia mchele.

Tofauti na Bannion, yeye aliniuliza kabla. Alikaa pembeni ya kitanda, akaniambia kiasi kilichomo kwenye ile bahasha na kile tutakachokosa. Nilimwambia asisaini, ila kwa sharti: hasira ya ofisini isivuke kizingiti, na akitaka kufoka anipigie simu mchana nikiwa kazini, nitamsikiliza. Ananipigia kweli. Siku nyingine nafunga mlango wa ofisi dakika kumi nzima, wenzangu wanadhani nina mchepuko.

Juzi kaniambia imekuja barua nyingine, ya kujieleza safari hii. Ijumaa anapanda basi la jioni. Nimemwambia asiijibu hukohuko, aje nayo, tule kwanza, halafu tuisome wote.