Grafu Yangu, Fremu Yake

Jamani, mimi na mume wangu hatujawahi kununiana kama Aprili ile ya 2020.

Tunaishi Magomeni Mikumi. Yeye ana fremu ya vitenge Kariakoo, mimi ni mtu wa takwimu ofisini. Chumba cha uani analala mama mkwe, mwenye presha na sukari. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa 16 Machi, na tangu siku hiyo kila jioni nilikuwa nimeinamia kompyuta.

Si uchawi. Mwaka 1927 Kermack na McKendrick walionyesha kwamba mlipuko unaweza kufuatiliwa kwa kugawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliokwisha kutoka humo kwa kupona au kufa. Swali kubwa ni moja: mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi? Akiambukiza wawili, na kila mmoja wawili, hatua ya kumi inaleta wagonjwa wapya 1,024. Akiambukiza mmoja tu, hatua ya kumi bado ni mmoja.

Nikamwonyesha mstari unavyopanda. "Funga fremu," nikamwambia.

"Mke wangu, hiyo grafu italipa kodi?"

Nikanuna, naye akanuna. Tukala kimya, mama mkwe katikati yetu akijifanya haoni.

Tarehe 29 Aprili ikatangazwa jumla ya wagonjwa 480. Baada ya hapo takwimu za kitaifa zilikoma kwa zaidi ya mwaka mzima. Hesabu yangu ikakosa cha kulishwa, maana ukiinyima takwimu inakurudishia makisio yako mwenyewe. Usiku huo nikakiri: "Kusema kweli, sijui wiki ijayo wataugua wangapi."

Ajabu, hapo ndipo aliponisikiliza. Akaleta daftari lake la madeni. Wagonjwa tusingeweza kuwahesabu, tukahesabu watu anaokaribiana nao kwa siku: wateja, wapagazi, abiria wa daladala, wazee wa kijiwe cha kahawa. Tukafika 43.

Kalamu nikamwachia yeye. Kijiwe akakikata mwenyewe. Daladala akaiacha, akawa anatembea kwa miguu kupitia Jangwani. Wateja wakahudumiwa mlangoni. Jioni anaoga kwanza, ndipo anakaa na mama yake uani penye upepo. Wiki iliyofuata tukahesabu 17, na kodi ya fremu ikalipwa.

Mama mkwe alikuwa mzima chanjo ilipozinduliwa 28 Julai 2021, akaenda kuchanjwa. Siwezi kuapa kwamba hesabu yetu ndiyo iliyomlinda. Nyumba moja haithibitishi kitu.

Lakini wapendwa, nilijifunza hili: grafu yangu ilikuwa sahihi kuhusu namna ugonjwa unavyosambaa, ila haikujua kodi ya fremu wala mazoea ya mume wangu. Hayo aliyajua yeye. Mkitofautiana ndani, usimtupie mwenzio hesabu iliyokwisha kupigwa. Mpe kalamu mpige wote.