Ukuta wetu, picha yetu

Dzaleka, hapa Malawi, ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Leo tuko zaidi ya watu 50,000, na kuta zinaongea. Nyingi zinatuamuru: nawa mikono, usimwoze binti mdogo, halafu nembo ya shirika. Sawa, tumeelewa. Lakini tangu Tamasha la Tumaini lianze 2014 sanaa imepata nafasi, na vijana tunachora pia ngoma, ziwa, mashamba ya nyumbani.

Wazazi wanauliza, "Wanangu, rangi tutakula?" Posho imepungua, swali ni la haki. Hailiwi. Ila mtoto aliyezaliwa humu kambini, Kongo au Burundi anaiona ukutani tu.

Basi ndugu wa mashirika, mkileta rangi msilete na mchoro. Tuulizeni kwanza. Sisi ndio tunapita hapo kila siku na ndoo za maji.